Polisi Hajui Kitu Mpaka Aambiwe

Hotuba ya kamanda mstaafu wa polisi kwa wakazi, wenyeviti wa mitaa na vikundi vya ulinzi shirikishi, Ilemela, Mwanza. Imeandikwa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika.

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa mitaa, masheikh na wachungaji, mkaguzi kata wetu, wazee wangu, mama zangu, vijana wa ulinzi shirikishi, na ninyi wa bodaboda mliokalia pikipiki zenu pale nyuma: itifaki imezingatiwa. Mwangaluka!

Nashukuru kwa kuitikia. Mimi si Msukuma wa kuzaliwa. Nimezaliwa Upareni, nikaletwa Kanda ya Ziwa na barua ya uhamisho nikiwa konstebo kijana. Leo nyumba yangu iko huku, wajukuu wangu wako huku, na siku yangu ikifika mtanizika huku. Kwa hiyo nazungumza na watu wangu.

Mwenyekiti ameniomba nieleze safari yangu katika Jeshi la Polisi, tangu depo, yaani chuo cha polisi, kule Moshi mpaka nilipostaafu nikiwa Kamishna Msaidizi. Ningeweza kuwasomea orodha ya vyeo na vituo tukamaliza mapema. Lakini vyeo vyangu havitawalinda usiku wa leo. Nimeamua kuwaambia jambo moja tu ambalo kazi ile ilinifundisha, na nitalirudia mpaka mlichoke.

Polisi hajui kitu mpaka aambiwe.

Ndugu zangu, tunaonekana tunajua mengi. Tuna redio, tuna magari, tuna mbwa wa kunusa, tuna bunduki. Lakini bunduki haijui mwizi amelala nyumba ipi. Anayejua ni jirani. Anayejua ni mama anayeuza vitumbua alfajiri, aliyeona pikipiki ngeni imepita mara mbili. Anayejua ni mtoto wa shule. Sasa swali langu kwenu, na swali langu kwa askari vijana walioko hapa: huyo anayejua, atamwambia nani? Na kwa nini amwambie?

Nianze na ng'ombe.

Nilipofika Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na silaha zilikuwa zimezagaa mikononi mwa watu wasiostahili. Wizi wa ng'ombe ukawa wa kutisha. Wazee hapa mnakumbuka. Watu walikuja usiku na bunduki, wakaswaga zizi zima, na aliyejitokeza akapigwa risasi mbele ya watoto wake. Na kwa mfugaji, zizi likiwa tupu hakuna mahari, hakuna ada ya shule, hakuna cha kuuza mwaka wa njaa.

Mtu huyu alikuja kituoni. Alitembea kutwa. Alipofika aliambiwa gari halina mafuta. Aliambiwa alete karatasi za kuandikia maelezo. Na hata mtuhumiwa alipokamatwa, wiki iliyofuata alionekana mnadani akinunua nyama choma. Nauliza: wewe ungerudi tena kituoni?

Hawakurudi. Walifanya nini? Kule Kahama, karibu mwaka 1981 na 1982, walianza kujilinda wenyewe. Sungusungu. Wengine wakawaita Wasalama. Walichagua mtemi wao, wakashika pinde na mishale, wakaurudisha mwano wa mababu, ule ukelele wa kuomba msaada. Aliyeibiwa alipiga mwano, jirani akaupokea, kijiji cha pili kikaupokea, na mwizi kila njia aliyoshika akakuta watu wamesimama. Haukupita muda mambo hayo yakaenea Shinyanga yote, Tabora, na Mwanza hii.

Sisi polisi tuliwaonaje? Tuliwaona wahalifu. Wapo waliokamatwa na kufunguliwa mashtaka kwa kuwakamata wezi. Mwalimu Nyerere na Chama wakawaona kwa jicho lingine, na mwaka 1989 sheria ikarekebishwa ili walinzi hao wa jadi watambuliwe. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na uhasama mkubwa kati ya kituo na kijiji, na mimi konstebo nilitumwa vijijini katikati ya uhasama huo.

Siku moja nilikaa na mtemi mmoja wa sungusungu, mzee mtaratibu, anaongea taratibu kama ana siku nzima. Nikamuuliza: "Mzee wangu, wezi hawa mliwajua kwa majina. Mbona hamkutuambia?" Akanitazama. Akasema: "Mwanangu, tuliwaambia. Tulisema kituoni asubuhi. Jioni wezi wakaja kutuuliza kwa nini tumewasema."

Mnasikia hiyo? Asubuhi tumesema, jioni wezi wanajua. Nilikuwa kijana, nilikuwa na hamu ya kulitetea jeshi langu, lakini nilinyamaza, maana mzee yule hakuwa anabishana. Alikuwa anatoa taarifa. Na hiyo ilikuwa taarifa kubwa kuliko zote nilizopokea mwaka ule.

Kwa hiyo kijana unayevaa magwanda leo, usiulize kwa nini wananchi hawasemi. Chunguza kwanza kilichompata wa mwisho aliyesema.

Lakini nisiwapambe sungusungu kupita kiasi, wazee wangu mtanisamehe. Umati ukishika mishale haushiki mizani. Walichapa watu bila kuwasikiliza. Walitenga familia nzima, zikakosa hata wa kuchota naye maji. Na katika vijiji vingi waligeukia wale wasio na mtetezi: vikongwe wanaotuhumiwa uchawi.

Hili ndilo lililonipa kazi ya maisha yangu, kwa hiyo mniruhusu nikae nalo.

Kuna bibi mmoja, mjane, aliuawa usiku kwa panga katika kijiji ambacho sitakitaja, kwa heshima ya wajukuu zake. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwa nini macho ya bibi zetu ni mekundu? Kwa sababu miaka hamsini amepika kwenye kibanda kisicho na dirisha, miti imekatwa yote, kuni hakuna, anawasha mapumba na kinyesi cha ng'ombe, na moshi wote unaingia machoni mwake. Alipika ili nani ale? Ninyi. Mimi. Halafu mtoto akiugua malaria, mganga anapiga ramli chonganishi, anasema mchawi ni mwanamke mzee, anakaa upande wa magharibi, ana macho mekundu. Hatamki jina. Hana haja ya kutamka jina.

Nilipewa jalada la bibi yule nikiwa mpelelezi. Nikauliza kijiji kizima. Nani aliwaona? Hakuna. Nani alisikia kelele? Hakuna. Nyumba zipo hatua chache tu, na hakuna aliyesikia! Kila mtu alijua. Hakuna aliyesema.

Nilichofanya, nilianza kwenda kijijini kila Jumamosi bila sare. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi hodari sana wa bao. Tukacheza. Wazee wakaja kutazama, nikafungwa, wakacheka, nikarudi Jumamosi iliyofuata nikafungwa tena. Bosi wangu aliniita akaniuliza kama bao siku hizi ni kazi ya polisi. Nikamjibu: "Afande, naomba Jumamosi chache zaidi." Nikapewa, namshukuru mpaka leo.

Ikapita miezi. Jumamosi moja mwalimu alinisindikiza mpaka njia panda, akaniambia mkwe wa yule bibi amemtuma. Mkwe anasema marehemu hakuuawa kwa sababu ya mtoto mgonjwa. Aliuawa kwa sababu ya shamba. Mpwa wa mumewe alilitaka, bibi akakataa, mpwa akaenda kwa mganga akalipa ili ramli ianguke pale inapotakiwa kuanguka.

Tuliwakamata. Mahakama ikafanya kazi yake.

Sasa nani alipeleleza kesi ile? Mimi? Mimi nilicheza bao. Aliyepeleleza ni mkwe aliyekuwa ndani ya ile nyumba, aliyekaa na siri ile kifuani akitafuta mtu mmoja wa kumwamini, akampata mwalimu, na mwalimu akanipata mimi kwa sababu nilikuwa nimeshakaa naye chini kabla sijamwomba chochote. Kabla, ndugu zangu. Kabla ya tukio. Ukienda kutafuta urafiki siku ya msiba umechelewa, watu wanaona kabisa kwamba umekuja kuchukua.

Polisi hajui kitu mpaka aambiwe. Na haambiwi na mtu asiyemjua.

Wengine mtasema, hayo ni ya zamani. Haya, twende karibu.

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, kanda yetu hii, Mwanza, Shinyanga, Geita, ilijulikana dunia nzima kwa jambo la aibu. Ndugu zetu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga waliwadanganya watu wa migodini na watu wa ziwani kwamba viungo hivyo vinaleta utajiri. Watoto walitolewa mikononi mwa mama zao. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge ili ndugu hao wawe na sauti Bungeni. Mwezi Januari 2009 Serikali ikasitisha vibali vya waganga wa jadi. Na Machi mwaka huohuo Rais akaagiza kura ya siri. Wananchi waandike kwenye karatasi jina la wanayemshuku kuua albino, au kuiba kwa silaha, au kuuza dawa za kulevya, watumbukize kwenye sanduku, waende zao.

Nilisimama karibu na masanduku yale. Niliwaona watu wakipanga foleni juani. Wazee wanaotembelea mkongojo. Mama wamebeba watoto mgongoni. Na walioandika, waliandika.

Kura ile ilikuwa na kasoro, na waliosema mtu anaweza kumwandika jirani kwa chuki walisema kweli. Karatasi si ushahidi, ni pa kuanzia tu. Lakini mimi askari nilisimama pale nikijiuliza swali moja. Watu hawa wote wana miguu. Kituo kipo, kinafunguliwa saa 24. Kwa nini wasubiri sanduku?

Jibu mnalo. Sanduku halina mdomo. Sanduku halitamwambia mtuhumiwa nani aliyekuja asubuhi. Watu wetu walikuwa tayari kusema siku zote. Walichokosa ni mahali pa kusemea ambapo hapavuji.

Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa miaka 14. Watu wakadhani sasa yamekwisha. Yamekwisha? Mwaka 2024, Muleba mkoani Kagera, mtoto wa kike ambaye hata miaka mitatu hakuwa ametimiza aliporwa mikononi mwa mama yake, na mwili wake ukapatikana baada ya zaidi ya wiki mbili umekatwa viungo. Mwaka 2024! Naomba viongozi wa dini mlioko hapa mlisemee hili Ijumaa na Jumapili bila kungoja mtoto mwingine.

Nirudi kwenye kuvuja kwa siri, maana hapa ndipo penye ugonjwa.

Ninyi wa mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, mnajua wizi wa injini. Mvuvi anakopa, anajinyima, ananunua injini ya mtumbwi, na usiku mmoja ziwani watu wanamzingira na silaha, wanachukua injini na nyavu, wakiwa na huruma wanamwachia kasia. Katika kituo kimoja cha kanda hii, mvuvi mmoja alikuja akataja majina ya kundi zima na kisiwa wanachofichia mali. Alifanya kila tunachowaomba wananchi wafanye. Siku ya pili alipotia mguu mwaloni, mmoja wa wale aliowataja alimsalimia kwa jina akamnukulia maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, kama yalivyoandikwa kwenye maelezo.

Mvuvi yule alihama na mkewe usiku uleule. Aliacha nyumba. Askari aliyeuza maelezo yale alipatikana na akafukuzwa kazi, lakini niambieni, kufukuzwa kwake kulimrudisha mvuvi? Mwalo ule ulikaa kimya miaka. Injini ziliendelea kuibwa, na kila tulipokwenda tuliambiwa hatujui, hatukuona, tulikuwa tumelala.

Askari mmoja, kwa hela ya soda, alifunga midomo ya mwalo mzima. Ndiyo maana mimi nasema askari anayeuza siri ya raia ni hatari kuliko jambazi. Jambazi anachukua injini moja.

Said Mwema alipokuwa IGP, yaani mkuu wa Jeshi la Polisi nchini, kuanzia mwaka 2006, alikuja na maneno matatu: usasa, weledi na polisi jamii. Wengi wetu jeshini tulifundishwa kwamba raia ni wa kuamrishwa. Jeshi hili limeanza mwaka 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, chini ya Mwingereza, na Mwingereza hakuliunda limsikilize Mwafrika. Alilitaka lilinde utawala wake. Uhuru ulibadilisha bendera na kofia, lakini tabia haibadiliki kwa siku moja. Polisi jamii ilituambia toka kituoni, nenda mtaani, kaa kwenye kikao cha mtaa, sikiliza. Wapo maofisa waliosema huo ni udhaifu. Mimi nilikuwa nimeshacheza bao, nikaona hatimaye kuna waraka unaosema nilichokijua.

Na mwaka 2012 ulitupa mtihani ambao sitausahau. Septemba 2, kijiji cha Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa mikononi mwa polisi akiwa kazini. Askari mmoja alishtakiwa, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikamhukumu kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Haikupita miezi miwili tangu kifo kile, Oktoba, hapahapa Mwanza, Kamanda wetu wa Mkoa, Liberatus Barlow, aliuawa kwa risasi usiku.

Nyololo ni mbali na ziwa, lakini Septemba ile nilipopita mitaani watu walinigeuzia mgongo. Oktoba walewale walinishika mkono njiani wakisema pole afande. Ni watu walewale. Hawakuwa vigeugeu. Walikuwa na haki mara zote mbili. Raia wetu anajua kumlilia askari anayekufa akimlinda, na anajua kumkasirikia askari anayemuua. Anayetaka machozi yale lazima aheshimu hasira ile.

Sasa niseme na mama zangu.

Miaka ya nyuma, mwanamke aliyebakwa au aliyepigwa na mumewe alikuja kaunta. Kaunta ya kituo mnaifahamu. Kuna aliyepoteza simu, kuna mlevi anaimba, kuna wanaogombania mpaka wa kiwanja, wote wamesimama. Na askari wa zamu anauliza kwa sauti: "Wewe mama, una shida gani?" Aseme nini? Mbele ya watu wote wale aseme nini? Wengi walisema wamepoteza kitambulisho, wakaondoka.

Wilaya niliyokuwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kulikuwa na stoo ya vielelezo yenye baiskeli zilizooza. Tuliihamisha, tukapaka chokaa, mafundi wa mtaani wakatutengenezea viti viwili na meza, mama mmoja wa sokoni akatoa pazia. Tukamweka koplo wa kike mwenye subira. Hicho kikawa chumba cha Dawati la Jinsia na Watoto. Hakuna bajeti iliyokuja. Na mwezi wa kwanza tu, kesi tulizopokea zilinifanya niwe naamka usiku. Baba wa kambo. Mjomba. Mwalimu wa ziada. Jirani mwema anayenunulia watoto pipi. Watu wakaniuliza, afande, mbona ubakaji umeongezeka wilayani kwako? Haukuongezeka. Ulikuwepo. Mlango ndio haukuwepo.

Sheria tunayo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji. Lakini jalada linakufa nyumbani kabla halijafika mahakamani. Wanakaa wazee wa pande mbili, anatolewa ng'ombe, mtoto anaambiwa asimtaje tena mjomba. Wazee wangu, nawaheshimu, nimekula kwenu, nimenywa kwenu. Katika hili nawaambia usoni: ng'ombe yule ni wa dhambi. Mnaokaa vikao vile mnamlinda mhalifu, naye atarudi kwa mtoto mwingine, na anaweza kuwa mjukuu wako.

Mengine nitayapitia haraka, maana jua linazama.

Dhamana ya polisi ni bure. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, ni bure. RB, ile namba ya taarifa uliyoandikisha kituoni, ni bure. Mtu anayevuja damu akimbizwe hospitali kwanza, fomu itafuata. Ndugu yako akikamatwa, kwa makosa ya kawaida sheria inataka ndani ya saa 24 awe amepewa dhamana au amefikishwa mahakamani. Ukiombwa hela, muulize mkuu wa kituo kwa adabu risiti iko wapi.

Na vijana wa ulinzi shirikishi. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu aliyemwona akitenda kosa kubwa, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kukamata si kuhukumu. Magazeti yetu yana maneno ambayo nayachukia: "ameuawa na wananchi wenye hasira kali." Maneno hayo yanafuta majina ya wauaji. Niliwahi kufika eneo la tukio, kijana yuko chini, tairi limeshawekwa shingoni, petroli imeshanunuliwa. Aliyemwokoa hakuwa mimi na gari langu la polisi. Alikuwa mama mmoja muuza dagaa, mfupi, aliyelala juu ya yule kijana akapiga kelele: "Nichomeni na mimi!" Tukapata dakika ya kufika. Baadaye ilijulikana mwizi alikuwa mwingine kabisa, shati tu ndilo lililofanana. Shati! Mama yule mpaka leo yuko sokoni, na yule kijana ana familia, na kila sikukuu ya Iddi anampelekea nguo.

Ninyi wa bodaboda, nimewaacha mwisho kwa makusudi. Wakubwa wamezoea kuwataja mkifanya kosa. Mimi nawataja kwa sababu hakuna mtu katika kata hii anayejua mji usiku kama ninyi. Mnajua nani anapelekwa wapi saa nane, akiwa amebeba nini. Askari anayewaona ninyi kama chanzo cha faini tu, anajiziba macho na masikio. Nilipokuwa kazini nilikaa vijiweni mwenu, nilisuluhisha ugomvi wenu na matrafiki, na mlinipa majina ambayo hakuna kachero angeyapata. Sikumtaja hata mmoja wenu. Sitamtaja hata leo.

Tangu nistaafu, watu huniuliza nafanya nini. Sisi wastaafu wachache tunakwenda vijijini tukishirikiana na mafundi kuwajengea vikongwe majiko banifu, yenye bomba la kutolea moshi. Udongo, matofali, kazi ya siku moja. Wengine wanashangaa, kamanda mzima anakanda udongo. Mimi najua ninachokifanya. Kila jiko linalojengwa ni bibi mmoja ambaye moshi hautaendelea kumuunguza macho, na ni ramli moja iliyokosa pa kuangukia. Hiyo kwangu ni kazi ya polisi. Anayetaka kuja, Jumamosi ijayo tunakwenda upande wa Magu, tutaondoka alfajiri pale stendi, uje na nguo za kuchafuka.

Mwenyekiti, kabla hujafunga mkutano nina maombi matatu, na naomba yajibiwe leo, hapahapa, kabla watu hawajatawanyika.

La kwanza, Mheshimiwa Diwani: kituo chetu kidogo hakina chumba cha Dawati. Kuna kibanda cha mlinzi upande wa nyuma kimekaa tupu. Ninatoa mifuko mitano ya saruji. Nani anaongeza? Mafundi wako hapa, nawaona.

La pili, wenyeviti wa mitaa: vijana wanaotembea doria usiku waandikwe majina kwenye daftari la mtaa, na michango yao ya kila nyumba isomwe hadharani kila mwezi, shilingi kwa shilingi. Ulinzi shirikishi umekufa katika mitaa mingi kwa sababu ya hela zisizosomwa.

La tatu ni lako, mkaguzi kata. Tafadhali simama mwanangu, njoo huku mbele, watu wakuone vizuri. Vua kofia. Huyu ndiye askari wenu. Anakaa kwenye nyumba ya kupanga karibu na kisima, bado hajaoa, ana simu moja. Atawatajia namba yake sasa hivi, na kila mtu aiandike, mama zangu mwambieni mtoto akuandikie. Halafu, mkaguzi, ukishataja namba, waambie wananchi hawa kwa mdomo wako mwenyewe utafanya nini na jina la mtu atakayekupigia.